Mwanamke Asiyempakata Mtu

Mke wa kaka yangu anafinyanga watu. Ukisema mfinyanzi, mtu anafikiria vyungu. Ukisema msanii, anafikiria mtu mwenye miwani ya jua anayeamka saa sita mchana. Yeye anafinyanga watu wa udongo, wenye mabega na magoti na visigino vilivyopasuka, na miaka yote hii amefanya hivyo huku ananyonyesha, anapika, anagombana na mimi, na anamkimbiza binti yake asiingie barabarani. Nyumbani tunamwita Fundi. Mimi ndiye niliyeanza kumwita hivyo, na nilianza kwa kejeli. Wifi na wifi ni paka na panya, watu husema. Ila panya huyu hakukimbia, akalipenda jina, likamganda.

Kabla ya watoto alikuwa ameajiriwa kwenye karakana ya vyungu vya maua, vile vikubwa vya kupanga kwenye ngazi za mahoteli, vyote mdomo mmoja na kiuno kimoja. Jioni, udongo ukibaki, alifinyanga kichwa cha mtu, akakificha nyuma ya rafu, na siku ya kuchoma akakichomeka tanurini katikati ya vyungu. Mwenye karakana alijua akanyamaza, maana hakuna mwingine aliyeweza kuviringisha mdomo wa chungu kama yeye. Akazaa binti, akarudi kazini. Akazaa mvulana, mwenye karakana akamwambia, "Pumzika kwanza, mama. Watoto ndio kazi yako sasa." Akampa mkono wa kwaheri na gunia la udongo, kama vile mtu anavyompa mtoto peremende ili asilie.

Fundi akalitazama lile gunia. "Moja halitoshi," akasema. "Niongezee."

Akaongezewa.

Binti tunamwita Kiguu, kifupi cha kiguu na njia, kwa kuwa tangu ajue kutembea hajawahi kukaa. Wakati wa mambo haya alikuwa na miaka mitatu. Mdogo wake ni Kibabu: alizaliwa na upara na mikunjo kwenye paji la uso, kama mtu aliyekwisha kuona mengi na hayakumfurahisha. Alikuwa bado ananyonya, ndiyo kwanza anajifunza kukaa bila kuangukia upande.

Nyumba yao ni vyumba viwili na ua mwembamba wa nyuma wenye bomba na jiwe la kufulia. Jiwe hilo ndilo lililokuwa meza yake. Sasa, udongo ukikauka kabla hujaumaliza, ndiyo basi. Usipoushika lazima uufunike kwa kitambaa kibichi. Na nyumba yenye mtoto mchanga ina kitambaa gani kwa wingi? Ungepita uani ungekuta kichwa cha mtu mzima kimevishwa nepi, kimetulia juu ya jiwe, na pembeni yake Kibabu yuko uchi kwa kuwa nepi zimekwisha.

Mama yetu, ambaye naishi naye nyumba ya pili kutoka hapo, hakulipenda jambo hilo hata kidogo. Siku moja alimkuta Kiguu ana udongo mdomoni na mama yake amezama kwenye sikio la sanamu.

"Mwanangu," Mama akasema, kwa ile sauti yake ya kuanzia mbali, "wahenga walisema udongo uwahi ungali maji. Walimaanisha watoto. Hawakumaanisha udongo."

"Basi wangesema watoto, mama," Fundi akajibu, bila kuinua kichwa.

Mimi nilikimbilia ndani nikacheka huko.

Ilipofika wakati huo, vichwa vilikuwa vimemchosha. Alitaka kufinyanga mtu mzima mzima, mwanamke aliyekaa kwenye kigoda, kimo chake kufika kiunoni kwangu. Tatizo lilikuwa tanuri. La karakana lilikuwa dogo, na hata hivyo kule alikwisha kuagwa. Upande wa pili wa mji kuna kituo cha sanaa chenye tanuri ambalo mtu anaweza kuingia akasimama, na kila mwaka hualika wasanii kwa mwezi mmoja, wenyewe wanaita kambi: unapewa meza, udongo, na zamu ya kuchoma. Fundi akapiga picha vichwa vyake kwa simu, baada ya kuvitoa nepi, akatuma picha hizo. Siku aliyopigiwa kuambiwa amekubaliwa, alimwinua Kibabu juu hadi mtoto akamtapikia usoni.

Ndipo ikaja hesabu ya nani atakaa na watoto. Kaka yangu ni dereva wa gari la wagonjwa. Zamu zake hazina Jumapili wala sikukuu. "Siku zangu za mapumziko nitakusaidia kulea," akasema.

"Kusaidia anasaidia jirani," Fundi akamwambia. "Wewe unalea. Sema hivyo: nitalea."

Kaka akasema nitalea, ila siku za mapumziko zikabaki zilezile. Mimi ni msusi, saluni yetu inafunguliwa kila siku isipokuwa Jumatatu. Akabaki Mama.

"Ungekuwa unaenda kazini," Mama akasema, "ningewabeba wote wawili, mmoja mgongoni, mmoja kifuani, na magoti yangu haya. Lakini kwenda kuchezea matope? Beba wanao."

Fundi hakubembeleza. "Haya, mama," akasema. "Nitawabeba."

Siku ya kuripoti ilikuwa Jumatatu, kwa hiyo nilikwenda naye kumshikia mizigo. Alikuwa na Kibabu mgongoni, begi la zana begani, na Kiguu amefungwa kwa shuka kiunoni mwake ili asipotee. Kituo kile kina baraza pana mbele, lenye viti vya wageni na meza ya mapokezi. Ukipita hapo ndipo unaingia kwenye ua wa ndani wenye karakana na tanuri. Mkurugenzi mwenyewe alikuja kutupokea. Mwanamke mrefu, nywele za mvi amezikata fupi, zimekatwa na mtu anayejua kazi. Hilo sikuweza kuacha kuliona.

"Karibuni," akasema. Akawaangalia watoto. "Hawa wanakaa na nani?"

"Na mimi," Fundi akasema.

"Nauliza wakati unafanya kazi."

"Ndiyo. Na mimi."

Mkurugenzi akavuta pumzi. "Dada yangu, kambi haipokei watoto. Mle ndani kuna moto, kuna mashine, na kuna wenzako wanaotaka utulivu. Wapeleke nyumbani. Meza yako tutakuwekea mpaka kesho."

"Niwapeleke nyumbani kwa nani?"

Hiyo si kazi yangu kujua, uso wa Mkurugenzi ulisema. Mimi nilikwisha anza kuokota begi. Fundi yeye alikuwa anatazama sakafu ya baraza, kuta zake, paa lake, kama mtu anayetaka kupanga chumba.

"Hapa tuliposimama," akauliza, "ni ndani au nje?"

"Hapa ni mapokezi. Ni pa wageni."

"Na mgeni anaruhusiwa kuja na mtoto?"

Mkurugenzi akageukia viti vya wageni. "Mgeni, ndiyo."

"Basi mimi ni mgeni." Akamfungua Kibabu, akamweka juu ya shuka pembeni ya ukuta, akafungua begi akatoa udongo wake mwenyewe.

Kulikuwa na mzee mmoja mchongaji, mtu mwenye jina, kofia imekaa upande, aliyekuwa akisubiri ufunguo wa chumba chake. Akacheka. "Mgeni siku mbili, binti yangu."

"Ya tatu mnipe jembe, mzee," Fundi akamjibu. "Jembe ndilo nililofuata."

Siku ya tatu, Fundi alinisimulia, yule anayetunza tanuri, ambaye kituo kizima humwita Bwana Moto, alitoka ndani na meza mgongoni. Ilikuwa ileile iliyotengwa kwa ajili yake, na imekaa bure. Akaitua barazani, akapangusa jasho. "Jembe lako hilo," akasema, akarudi zake ndani. Mkurugenzi alipita akaiona ile meza, akaendelea na simu yake.

Hivyo ndivyo mwanamke wa udongo alivyoanza kuota pale barazani, mbele ya kila mpita njia. Ngoja nieleze kazi yenyewe, maana watu wanadhani ni kubandika tu. Sanamu kama ile haijai ndani, ina uwazi kama chungu. Ikijaa, moto utaipasua. Kwa hiyo unasokota kamba za udongo, nene kama kidole gumba, unazipanga duara juu ya duara, unazikwaruza kwa uma na kuzipaka uji wa udongo zishikane, unasubiri ya chini iwe na nguvu ya kubeba ya juu, unaendelea. Udongo wenyewe unachanganywa na vigae vilivyopondwa, usije ukasinyaa vibaya. Haukubali haraka wala haukubali kusahauliwa. Na mtoto naye ni hivyohivyo. Fundi alikuwa na viwili hivyo kwa wakati mmoja, kila kimoja kikimwita mama.

Jumatatu zangu niliyaona haya kwa macho. Ananyonyesha huku mkono wa pili unasokota kamba. Anaimba wimbo wa kumlaza Kibabu, macho yakiwa kwenye goti la sanamu. Kiguu alipewa bonge lake la udongo, na mimi nilitegemea atatulia afinyange kikombe, kama watoto wa kwenye matangazo. Alilirusha. Lilimpata mgeni mmoja shingoni, mtu aliyekuja kuuliza njia ya kwenda posta.

Kisha Jumatatu moja, uso wa mwanamke ulipokuwa umekwisha kamilika, laini, shavu limetulia vizuri, Kiguu akapanda kigoda akachoma kidole hadi ndani. Tundu. Fundi alipiga kelele ambayo sijapata kuisikia kwake. Kiguu akalia, Kibabu naye akalia, na Fundi akakaa chini akalia nao, mikono imejaa udongo hata asiweze kujifuta machozi.

Mzee Mchongaji akatoka ndani kuona kuna nini. Akalitazama lile shavu, kichwa ameinamisha upande uleule wa kofia.

"Iache hivyo!" akasema. "Kidole cha mtoto! Huwezi kupata alama nzuri kama hiyo. Watu watalia."

"Nzuri nini, mzee?" Fundi akasema, anavuta kamasi. "Ni tundu."

Akainuka, akaziba. Ilimchukua mchana uliobaki kulirudisha lile shavu mahali pake. Kiguu alikuwa amelala mapajani mwangu, bado anashikwa na kwikwi. Nilimwambia Fundi, wifi, pengine Mzee anasema kweli, ungeacha tu. Akaniambia, "Nilitaka shavu. Mtoto akimwaga uji, unasema uache hapo sakafuni ni mzuri?"

Mzee yule hakuwa mtu mbaya. Alipenda kuja kukaa barazani na kikombe chake cha chai, kulalamika kwamba kelele zinampotezea mawazo. Siku moja Fundi akamwuliza ana watoto wangapi.

"Saba," akasema, kwa fahari.

"Ulipokuwa unachonga zile kazi zako kubwa, walikuwa wapi?"

"Nyumbani."

"Na nani?"

Mzee akanywa chai. "Na mama yao," akasema, na chai ile hakuimaliza. Tangu siku hiyo alikuja na mbao ndogo ndogo mfukoni za Kiguu kujengea, na kuhusu mawazo yake hatukusikia tena.

Swali ambalo kila mtu aliuliza lilikuwa moja. Mwanamke amekaa kwenye kigoda, mgongo umenyooka, miguu imetanuka kidogo kama mtu aliyefika, viganja vimewekwa juu ya mapaja, vitupu. Anakutazama moja kwa moja. Wageni wa mapokezi, walinzi, wasanii wenyewe, wote walizunguka mara moja kisha: "Mtoto yuko wapi?"

"Amelala," Fundi alijibu wa kwanza.

"Yuko kwa baba yake," alimjibu wa pili.

Alipofika wa nne au wa tano akachoka. "Kwani lazima?"

Akaja pia mpiga picha wa gazeti, kijana mchangamfu, aliyesikia kwamba kuna mama anafinyanga barazani na mtoto mgongoni. Ilikuwa Jumatatu, nilikuwepo. Alipiga picha Kibabu, akapiga picha Kiguu akitoa ulimi, akapiga picha nepi. Kisha akapata wazo. "Mama, tumweke mtoto hapa mapajani kwa sanamu. Dakika moja tu. Itakuwa picha ya ukurasa wa mbele!"

"Hapana," Fundi akasema.

"Itakutangaza, mama. Watu watakujua."

"Sikiliza, mdogo wangu. Nimemfinyanga apumzike. Humo mapajani hakai mtu, hata wangu." Akanawa mikono, akaifuta kwenye aproni. "Piga picha kazi. Umefika hapa hujaniuliza hata moto wake ni wa siku ngapi."

Kijana akapiga picha mbili tatu kwa shingo upande, akaondoka. Gazetini ilitoka picha ya nepi. Mama aliikata akaihifadhi. Ya nini, hakusema. Nilipogeuka siku ile barazani, Mkurugenzi alikuwa amesimama kwenye mlango wa ofisi. Sijui alikuwepo tangu lini.

Mwanamke alipobakiza nywele tu, Kibabu akashikwa na homa. Fundi alikaa naye nyumbani, akimkanda kwa maji, mawazo yakiwa kwenye udongo kule ng'ambo ya mji. Homa ilipoanza kushuka, akamgeukia kaka yangu.

"Kesho naenda. Wewe omba ruhusa."

"Niwaambie nini?"

"Mtoto anaumwa."

"Wataniuliza mama yake yuko wapi."

"Waambie yuko kazini."

Nilikuwa nachambua mboga pale, nikainamisha kichwa kabisa. Kaka alizunguka chumba kile kidogo kama anayetafuta funguo. Mwisho akapiga simu. Tulimsikia akisema, "Ndiyo, mtoto. Ndiyo, mimi mwenyewe. Mama yake yuko kazini." Wenzake walimwita Mama Kibabu mwezi mzima. Alipotuambia, Fundi alicheka hadi akashika ukuta, naye Kaka akanuna, kisha akacheka kidogo.

Kule kituoni Fundi alitegemea kukuta udongo umekuwa jiwe. Alikuta nepi zinadondoka maji. Akamfuata Bwana Moto kumshukuru.

"Usinishukuru mimi," Bwana Moto akasema. "Mimi nina moto, sina maji. Muulize wa ofisini."

Mkurugenzi alikuwa amekaa nyuma ya meza yake. Fundi akasimama mlangoni, maana watoto walikuwa hawaruhusiwi kupita pale na yeye siku hiyo alikuwa na Kiguu mkononi.

"Ulijuaje kwamba zinamwagiwa maji?"

"Nilikuwa mfinyanzi," Mkurugenzi akasema. "Nikapata watoto wawili. Nikasema nitasubiri wakue."

"Wakakua?"

"Wakakua."

"Na wewe?"

"Mimi nikawa mkurugenzi."

Kiguu akapiga mlango teke. Kisha Mkurugenzi akasema, taratibu, kwamba ile sheria ya watoto hakuitunga yeye. Aliikuta.

"Uliikuta," Fundi akasema, "ukailea."

Sijui kama aliyasema maneno hayo kwa ukali au kwa upole. Aliponisimulia, alisema hata yeye hajui. Anachojua ni kwamba sheria haikuondolewa, na maji ya nepi hayakukoma.

Siku ya kuingiza tanurini ilibidi apite ndani, na watoto wasingeweza kupita. Safari hii Kaka alikuja. Alitoka zamu moja kwa moja, na sare zake za hospitali, akawachukua wote wawili pale barazani. Alimlisha Kibabu uji, akamfuta, akampeleka Kiguu chooni na kumrudisha na suruali iliyogeuzwa nyuma mbele. Jamani, watu! Wasanii walitoka kuja kumwangalia. Dada wa mapokezi alimletea soda. "Baba mzuri huyu!" wakasema. "Wanaume wangekuwa hivi!"

Fundi alikuwa kwenye kizingiti, vumbi hadi kwenye kope. "Mwezi mzima nimekaa hapo," akawaambia, kwa sauti ya kusikika mpaka getini. "Nani kati yenu ameniambia mama mzuri? Nani ameniletea soda?"

Kaka akamnyooshea chupa. Akaipokea, akaimaliza yote papo hapo akiwa amesimama, akaingia kubeba mwanamke wake pamoja na wanaume watatu. Hakukubali wamweke bila yeye.

Moto unaanza kidogokidogo, kama wa kukausha nguo, ili unyevu utoke. Kisha Bwana Moto anauongeza mpaka huwezi kusogelea mlango. Baada ya hapo ni kusubiri upoe. Ukifungua kwa pupa, hewa baridi inavunja kila kitu. Tanuri lilipofunguliwa, mwanamke alikuwa mzima, rangi ya matofali iliyoiva, na moshi umemchora bega moja jeusi. Ila kutoka kwapani hadi kiunoni, upande uliokuwa umeelekea ukuta wa baraza, palikuwa na ufa. Ungeweza kuingiza ukucha.

Mkurugenzi akauona. "Unaweza kujazwa gundi, ukapakwa rangi," akasema. "Au asionyeshwe mwaka huu. Uamuzi ni wako."

"Ufa ni wangu," Fundi akasema. "Upande wa ukutani nilifunika vibaya kabla ya ile homa. Ataonyeshwa na ufa wake, na anayejua kazi atajua. Nitakayemfinyanga baada yake hatakuwa nao."

Siku ya maonyesho, sheria au si sheria, umma wote uliruhusiwa kuingia, wakubwa kwa watoto. Mama alikuja. Alivaa vizuri, akasema amekuja kuwashika wajukuu tu, maana mama yao atakuwa anajionyesha. Alizunguka chumba kizima akitazama michoro ya wengine kwa heshima ya mtu anayetembelea wagonjwa. Alipofika kwa mwanamke wa udongo, akasimama. Hakuuliza mtoto yuko wapi. Aliyatazama yale mapaja matupu, na vile viganja, muda mrefu hadi Kibabu akaanza kulia mgongoni kwake na yeye asisikie.

"Huyu amekaa," akasema mwisho.

"Ndiyo, mama," Fundi akasema.

"Sijawahi kukaa hivi mimi. Hata siku moja."

Fundi akamvutia kiti. Mama akakitazama kile kiti, akakaa, kwa shida, magoti yakilia. Mimi nikamtoa Kibabu mgongoni kwake. Alikaa hivyo kidogo, mikono yake imepotea, haijui pa kwenda. Kisha akakumbuka yeye ni nani. "Na hawa watoto wamekula saa ngapi leo?" akauliza. "Nani amepika?"

"Mwanao," Fundi akasema.

"Ndiyo maana wanalia."

Kituo hakikumwita tena mwaka uliofuata. Mkurugenzi alimwambia kwa simu, bila kuzunguka, kwamba bodi haikupenda baraza kugeuzwa karakana. Fundi akamwambia ahsante kwa kuniambia wewe mwenyewe. Mwanamke wa udongo yuko pale pale mapokezi. Walimwomba, akawaazima, na ameandika kwamba ni wa kuazima. Kisha akaenda kutafuta matofali. Tanuri lake amelijenga uani, mahali palipokuwa na kamba ya kuanikia nguo, na nguo sasa zinaanikwa kwetu. Bwana Moto alikuja siku yake ya mapumziko kumwonyesha jinsi ya kupinda paa. La kwanza lilianguka. La pili limesimama. Jirani yetu mkali alikuja kushtaki moshi kwa mwenye nyumba, na mwenye nyumba alipofika kufoka alikuta sanamu ya mzee mwenye kitambi inayofanana naye vibaya sana; akasahau alichofuata, akauliza kama itauzwa.

Sasa ana mimba ya tatu. Habari ilipoenea mtaani, niliisikia saluni kabla sijafika nyumbani. Waliokuwa wakisukwa walisema, "Sasa huyo atatulia," na mmoja akaongeza kwa huruma ya uongo kwamba watoto watatu si mchezo. Nilikaza msuko wake kidogo zaidi ya ulivyohitaji. Nilipotoka kazini jioni ile nilikuta njia ya kwetu haipitiki. Lori limesimama kinyumenyume mbele ya mlango wao, linamwaga udongo, mlima wake unazidi dirisha. Fundi amesimama juu ya kizingiti, tumbo mbele, mkono kiunoni, anamwelekeza dereva. Jirani mkali alikuwa anapiga kelele kwamba watu watapitaje.

"Watapita pembeni!" Fundi alikuwa akimjibu. "Na wewe, dereva, mbona unasita? Mwaga wote!"